Maktaba iliyopachikwa ni nini?

Ni maktaba, yaani msimbo wa watu wengine wa kutumika tena, ambao mwandishi wa programu ameunakili na kuutia ndani ya mradi wake, badala ya kutumia maktaba hiyo hiyo iliyokwishawekwa kwenye mfumo. Utaikuta kwenye folda zenye majina kama third_party, vendor au deps.

Mwandishi hurahisishiwa kazi, maana programu yake hujengeka popote. Anayeumia ni mtengeneza kifurushi, yaani anayeiandaa programu ili isakinishwe kwenye mfumo kama Debian au Fedora. Chukua zlib, maktaba ya kubana data. Machi 2022 toleo 1.2.12 liliziba tundu la usalama lenye namba CVE-2018-25032. Oktoba mwaka huo huo 1.2.13 likaziba CVE-2022-37434. Kompyuta ya duka pale Luthuli Avenue, Nairobi, inayotumia zlib ya mfumo hupona kwa kifurushi kimoja kidogo, bando halishtuki. Programu yenye nakala yake tumboni hubaki na tundu, na amri ya kusasisha mfumo, apt upgrade, haikuambii lolote.

Kuigundua, endesha `objdump -p programu | grep NEEDED`, uone maktaba ambazo programu yenyewe inaziomba kwenye mfumo. Usitegemee amri ya ldd, kwani huorodhesha hata maktaba zilizoletwa na maktaba nyingine. Kama libz.so.1, yaani zlib ya mfumo, haimo, jaribu `strings programu | grep inflate`. Ukiona "inflate 1.2.11 Copyright 1995-2017 Mark Adler", nakala imo humo.

Kuiondoa, tafuta kwanza swichi ya ujenzi, mfano --with-system-zlib, kisha, kwenye Debian, ongeza zlib1g-dev kwenye Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika kujenga kifurushi. Halafu ifute folda yenyewe kabla ya kujenga. Swichi peke yake mimi siiamini: hati ya ujenzi isipoipata maktaba ya mfumo, huenda ikarudia nakala kimyakimya. Kwenye Debian, folda ikitajwa katika Files-Excluded ndani ya debian/copyright, uscan, zana ya kupakua chanzo, hulifunga upya furushi la chanzo bila hiyo. Toleo huongezewa +ds, au +dfsg ikiwa tatizo ni leseni.

Pagumu ni pale mwandishi alipoichokonoa nakala. Pakua toleo lile lile la asili, linganisha kwa `diff -ru`. Akiwa ameongeza kitendaji, ujenzi utakwama na utajua mapema. Akiwa amebadilisha tabia ya kilichokuwepo, kila kitu kitajengeka vizuri kisha programu iharibu faili za mteja, kwa hiyo endesha majaribio yote. Mabadiliko yenye maana yapelekee wenye maktaba.

Ikishindikana, iache lakini iandike. Fedora huweka `Provides: bundled(zlib) = 1.2.11` kwenye faili la spec, lenye maelekezo ya kujenga kifurushi, ili tundu jipya likitokea, `dnf repoquery --whatprovides 'bundled(zlib)'` itaje vifurushi vyote vya kutiwa kiraka.