Kumwajiri msafishaji wa nyumba: dhana potofu na ukweli wake

Mwenye nyumba aliyeachana na msafishaji baada ya wiki mbili atakuambia alikuwa mvivu. Ukimuuliza msafishaji naye, atakuambia yule mtu haridhiki hata umfanyie nini. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli kwa kadiri wanavyoijua, kwa sababu siku ya kupatana walizungumza siku na malipo tu. Kazi yenyewe ni ipi, na inaishia wapi, hakuna aliyeitaja. Dhana nyingi zinazovuruga uhusiano huu zinazaliwa katika ukimya huo.

"Nimemlipa, basi atafanya kila kitu"

Unachonunua ni muda wa mtu, na muda una mwisho. Hili ndilo jambo la kwanza kulikubali, na mengine yote yatakuwa mepesi.

Karibu wote wanaofanya kazi hii hutofautisha usafi wa kawaida na usafi wa kina. Usafi wa kawaida ni kufuta vumbi mahali panapofikika, kufagia na kupiga deki, kusafisha choo, bafu na sinki, kufuta jiko na makabati kwa nje, na kutoa taka. Ndani ya oveni, ndani ya friji, madirisha upande wa nje, kuta, nyuma ya makabati mazito na mapazia ni usafi wa kina, na una bei yake au siku yake. Kufua na kupiga pasi ni kazi nyingine kabisa. Mtu anaweza kukubali kuifanya, lakini haiji yenyewe kwa sababu tu mtu yuko ndani ya nyumba yako.

Halafu kuna kupanga vitu. Wapo wanaocheka wakisikia mtu anapanga nyumba kabla msafishaji hajafika, eti kwa nini ufanye kazi unayoilipia. Hakuna cha kuchekesha hapo. Vitu vyako unavijua wewe: karatasi ipi ya kutupwa na ipi ya kutunzwa, nguo ipi chafu na ipi imevaliwa mara moja. Msafishaji akikuta sakafu imejaa nguo na meza imejaa makaratasi, nusu saa anayoitumia kuvikusanya ni nusu saa ambayo bafu halikuguswa. Ukirudi utaona bafu, hutaona ile nusu saa.

Njia inayosaidia ni hii: andika mambo matatu unayoyataka zaidi siku hiyo, kwa mpangilio, kisha useme waziwazi kipi kiachwe muda ukiisha. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Msafishaji asiyejua cha kuacha hugusa kila kitu juu juu.

"Siku ya kwanza anavuta muda ili alipwe zaidi"

Siku ya kwanza ni ndefu kwa sababu uchafu wa miezi haufutiki kama vumbi la jana. Chukua bomba la mvua bafuni. Maji magumu, yaani yenye madini mengi, yakikauka huacha madini ya kalsiamu, na yale magamba meupe hayatoki kwa sabuni hata usugue namna gani. Yanatoka kwa asidi nyepesi, kama siki, nayo inataka kuachwa ifanye kazi kabla ya kusuguliwa. Mafuta ya jikoni nayo yakipata joto mara kwa mara hubadilika na kuganda, yakanata kama gundi juu ya vigae na makabati. Hayo hulowekwa kwanza, kisha hukwanguliwa taratibu.

Kwa hiyo mtu unayemwona amesimama akisubiri dawa iingie anafanya kazi. Uchafu wa zamani ukishatoka, muda unaohitajika hupungua, na ukubali kupatana upya baada ya mara ya kwanza. Usikubali pia makadirio ya kwenye simu yanayohesabu vyumba tu. Vyumba viwili vyenye mbwa, mazulia na jiko linalopikiwa kila siku vinaweza kumchukua mtu muda mrefu kuliko nyumba kubwa ya mtu mmoja anayeshinda kazini. Mwite aje aone.

"Harufu kali ndiyo dalili ya usafi"

Hapa ningeomba usome polepole, maana dhana hii inaumiza watu kweli.

Dawa ya klorini huua vijidudu, lakini hudhoofika ikikutana na uchafu. Ukiimwaga juu ya tope, mafuta au mabaki ya chakula, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla ya kufika ulikotaka. Ndiyo maana anayeijua kazi huosha kwanza kwa sabuni na maji, akasuuza, ndipo akapaka dawa na kuiacha ikiwa bado na unyevu kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Anayepaka na kufuta papo hapo amepata harufu tu. Na ile uliyoichanganya na maji haikai: hupungua nguvu, na ushauri wa kawaida ni kuchanganya mpya kila siku.

Ubaya mkubwa uko kwenye kuchanganya dawa. Klorini ikikutana na asidi, iwe siki au dawa ya kuondoa magamba chooni, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine iitwayo kloramini. Zote mbili huchoma macho, koo na mapafu, na ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha zinaweza kumpeleka mtu hospitali. Jinsi ajali hii inavyoweza kutokea haihitaji uzembe mkubwa: mwenye nyumba amemwaga dawa ya magamba chooni usiku akaiacha ilale, msafishaji amefika asubuhi na dawa ya klorini, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Sema kilichomo chooni. Usimimine dawa kwenye chupa ya soda wala chupa isiyo na karatasi yake.

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway walichapisha matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya watu 6,000 kwa miaka 20 hivi. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, majumbani mwao au kama kazi, uwezo wa mapafu yao ulipungua haraka kuliko wa wanawake wasiofanya. Wewe unavuta dawa hizo mara chache. Msafishaji anazivuta nyumba baada ya nyumba, mwaka baada ya mwaka. Akikuomba kutumia sabuni ya kawaida badala ya dawa kali, au kumimina dawa kwenye kitambaa badala ya kuipuliza hewani, mkubalie kwa moyo mmoja. Acha madirisha yafunguke. Na kama dawa ni za kwako, glovu nazo ziwe za kwako.

"Doa halijatoka, maana yake hakusugua"

Alama nyingine si uchafu. Marumaru ya jiwe halisi, si vigae, ni madini ya kalsiamu, na asidi huyala: ukidondosha siki au ndimu juu yake, ile sehemu iliyofifia ni jiwe lililoliwa, na kusugua hakulirudishi. Kitambaa cha rangi kilichopata klorini kimepoteza rangi, basi. Sakafu ya mbao iliyovimba imeshakunywa maji. Vioo vyenye mikwaruzo vitabaki nayo.

Jukumu lako hapa ni kusema nyumba yako imetengenezwa kwa nini. Sinki lile ni jiwe, usitumie siki. Sakafu hii ni mbao, kitambaa kikamuliwe sana. Kabati lile rangi yake hutoka. Dakika kumi za kuzunguka naye siku ya kwanza zinaokoa vitu ambavyo hakuna atakayeweza kuvilipa.

"Ni kazi isiyo na ujuzi, mtu yeyote anaweza"

Mtazame mtu anayeijua akiingia bafuni. Kabla ya yote anamwaga dawa ndani ya choo na kuiacha. Kisha anapanda juu: utando wa buibui kwenye pembe, taa, juu ya kabati. Kioo anakifuta kwa kitambaa kilichokaushwa vizuri. Anashuka kwenye vigae, mabomba, sinki. Swichi na kitasa cha mlango, ambavyo kila mkono wa nyumba hiyo hupita, anavikumbuka. Choo anakirudia mwishoni, kwa kitambaa chake cha peke yake kisichogusa kitu kingine. Sakafu anaianzia pembeni mwa mbali na kurudi nyuma hadi mlangoni. Hakuna hatua aliyoirudia, na hakuna uchafu aliouteremsha juu ya mahali alipokwisha kusafisha.

Anayeanza kwa kupiga deki kisha akafuta vumbi atapiga deki mara mbili, na kitambaa kimoja kilichopita chooni kikaja kwenye sinki la kupigia mswaki kimeeneza alichokuja kukiondoa. Ndiyo sababu wengi wana vitambaa vya rangi mbalimbali. Ukimwona na hilo, umepata mtu. Mlipe kama mtu mwenye ujuzi, maana nauli, muda wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na siku za kuugua zinatoka humo humo kwenye anacholipwa. Bei ya chini mno huwa imekata mojawapo ya hayo.

"Nitashika kitambulisho chake, ndiyo usalama"

Hapana. Kukitazama kitambulisho na kuhakikisha ni cha kwake ni haki yako kama unayemfungulia mtu mlango. Kukishikilia ni kumfunga mtu, na hakukulindi na chochote. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2011 na kuanza kutumika Septemba 2013, unataka wafanyakazi wa nyumbani wabaki na vitambulisho na hati zao za kusafiria. Unataka pia waelezwe masharti ya kazi kwa namna wanayoyaelewa: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani na lini. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo sheria ya unakoishi ndiyo ya kuangalia, ila kipimo cha haki kimewekwa. Kilihitajika pia. Kwa makadirio ya shirika hilo ya mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani duniani ni milioni 75.6, takribani robo tatu yao wanawake, na wanane katika kila kumi wanafanya kazi isiyo rasmi.

Usalama wa kweli unatoka kwa watu aliowafanyia kazi. Wapigie simu, na usiulize kama ni mwaminifu, kwani wengi watajibu ndiyo bila kufikiri. Uliza walikaa naye muda gani, aliachaje kazi, na kama wangemchukua tena kesho. Kisha weka fedha, dhahabu na nyaraka mahali pa kufungwa, ambalo ni jambo jema kwa pande zote mbili: siku kitu kikipotea, hakuna atakayemtazama mtu asiye na hatia.

Kuna wanaoona njia nyepesi ni kupitia kampuni. Inaweza kuwa nzuri, mradi uulize nani hasa ni mwajiri, nani anagharamia mtu akiteleza na kuumia nyumbani kwako, kama wana bima ya vitu vinavyovunjika, na kama atakuja mtu yule yule kila mara. Kampuni nyingine ni daraja tu la kukukutanisha na mtu, na mengine yote yanabaki mikononi mwako. Msafishaji binafsi unaweza kumjua vizuri zaidi, lakini akiugua hakuna wa kuziba nafasi.

"Kikivunjika kitu, nitamkata"

Glasi zitavunjika. Mtu anayehamisha vitu vyako vyote kila wiki atadondosha kimoja, kama wewe unavyodondosha. Mpatane kabla: atakuambia mara moja, na vitu vya thamani ya moyo, picha ya marehemu bibi au chombo cha urithi, utavifuta mwenyewe. Kukata malipo kimyakimya kuna matokeo moja tu, nayo ni kwamba kitu kijacho kitafichwa nyuma ya kabati. Katika nchi nyingi sheria pia inakuwekea mipaka ya kumkata mfanyakazi.

Kumsimamia mtu kila chumba nako hakusaidii. Kaa naye mwanzoni umwonyeshe, kisha mwachie nafasi.

Na kasoro ukiiona, isemee siku hiyo hiyo, ukitaja mahali: nyuma ya bomba la sinki pamebaki magamba, chini ya kitanda hapakufagiwa. "Hukusafisha vizuri" haimwambii mtu arekebishe nini. Msafishaji mzuri hurudi pale bila kinyongo. Kama ni jambo lile lile kwa mara ya tatu, baada ya kusemwa wazi mara mbili, agana naye kwa heshima, umlipe siku zake zote, na umwambie sababu.