Je, wajua? "Leave" ya likizo haina uhusiano na kuondoka

Mwulize mtu anayejua Kiingereza kwa nini likizo ya kazi huitwa leave. Wengi watakujibu bila kusita: kwa sababu mtu anaondoka kazini. Jibu hilo linaingia akilini, lakini si sahihi. Leave ya likizo na leave ya kuondoka ni maneno mawili yenye asili mbili, ambayo baada ya karne nyingi yamejikuta yakitamkwa na kuandikwa sawasawa.

Leave ya likizo maana yake ni ruhusa. Katika Kiingereza cha kale iliandikwa lēaf, na ndugu zake wapo hadi leo katika lugha za jirani: Wajerumani husema erlauben kwa kuruhusu na Urlaub kwa likizo, Waholanzi wana verlof. Katika ukoo huohuo, mbali kidogo, wamo love na believe.

Ushahidi mzuri kabisa uko mahakamani. Wakili anapoomba leave to appeal, hakuna anayekwenda popote. Anaomba kibali cha kukata rufaa. Askari aliyetoroka kambini huandikiwa kosa la absent without leave. Lisome hilo kwa maana ya kuondoka uone linavyovurugika: ameondoka bila kuondoka. Weka ruhusa mahali pake, linanyooka. Hata take leave, yaani kuaga, ilianza kama kuomba ruhusa, kwani mgeni hakutoka mbele ya mkubwa mpaka aruhusiwe. Nadhani ni hapo hasa watu wanapochanganya, maana anayepewa ruhusa hiyo kweli huondoka.

Sasa kitenzi chenyewe, ambacho ndicho cha ajabu zaidi. Asili yake ni lǣfan, na maana yake haikuwa kuondoka bali kuacha kitu kibaki. Ni jamaa wa bleiben ya Kijerumani, yaani kubaki. Neno la kubaki limegeukaje kuwa neno la kwenda?

Fikiria mashua inayotoka gatini. Tukio ni moja, lakini unaweza kulisimulia kwa pande mbili: gati limebaki, au mashua imeondoka. Kitenzi hiki kilianzia upande wa gati. Uliacha nyumba, uliacha mtu, na kilichoangaliwa ni kile kilichosalia. Lakini ukiacha kitu mahali pake ukaenda, anayesogea ni wewe, na taratibu macho ya wasemaji yakahamia kwenye mashua. Kufikia karne ya 13, leave ilikwishatumika kwa maana ya kwenda zako.

Maana ya zamani haikufa. Katika tanzia huandikwa kwamba marehemu leaves a wife and two children: aliyeondoka ni yeye, ila kitenzi kinawataja waliobaki. Katika hesabu, tano kutoa tatu leaves two. Chai iliyosalia ni tea that is left. Mara nyingi hutajwa pia eleven na twelve, kwamba ni "moja imebaki" na "mbili zimebaki" baada ya kumi. Maana hiyo inakubalika sana, ila wataalamu hawajaafikiana kama kiishio chake kinatoka kwenye mzizi huu au mwingine wenye maana ya karibu, kwa hiyo mfano huo usiuegemee sana. Na left ya kushoto haimo kabisa: hiyo inatokana na neno la kale lililomaanisha dhaifu.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza kanuni inayowasumbua wanafunzi wengi. Nomino inayofuata leave moja kwa moja ni kile kinachoachwa nyuma, kwa hiyo leave London ni kutoka London. Ukitaka kutaja unakokwenda, sharti uongeze for: leave for London. Ukiisahau, msikilizaji ataelewa kwamba unaikimbia London, kumbe ndiko unakoelekea.