Betri ya leo haihitaji kuisha kabisa

"Kifaa kipya kichaji kwa saa 8 kwanza, kisha kila mara subiri kizime ndipo uchaji." Ushauri huu ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli na kadmiamu, ambazo zingeweza kupoteza uwezo zikichajiwa nusunusu. Nyingi za leo ni za lithiamu, na kwao mambo ni kinyume.

Seli (kipande kimoja cha betri) ya kawaida ya lithiamu ikijaa hufika volti 4.2. Ikishuka mno chini ya volti 2.5, shaba iliyo ndani huanza kuyeyukia kwenye kimiminika cha betri, na ukiichaji tena inaweza kupiga shoti. Simu hujizima kabla ya hapo. Spika na tochi za bei poa, nyingine hazina hata saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme betri ikishuka mno: ziache kabatini zimeisha, na baada ya miezi hazipokei chaji. Zinatupwa jalalani zikiwa na taa nzima na swichi nzima!

Ichaji betri ikishuka hadi asilimia 20 au 30. Usichokitumia kihifadhi na nusu chaji, mbali na joto. Betri iliyovimba usiitoboe, wala usiichanganye na taka za jikoni, ikikandamizwa huwaka.