Kiyoyozi kimegoma? Usikimbilie kujaza gesi

Kaskazi ikianza kuvuma na joto la Dar es Salaam likipanda, simu za karakana yetu ya majokofu na viyoyozi hazitulii, na ombi huwa lile lile: "Fundi, AC imeisha gesi, njoo uongeze."

Gesi ya kiyoyozi si ya mtungi wa jikoni. Haichomwi wala haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyozibwa, inabeba joto la chumbani na kulimwaga nje, kisha inarudi kubeba jingine. Ikipungua, ujue inavuja. Fundi akijaza bila kutafuta tundu, mtaonana tena baada ya muda mfupi, na utalipa tena.

Kama hakiwaki kabisa, anza na rimoti. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Kitaa cha kichwani kikimeta kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima. Kisha nenda kwenye breka ya kiyoyozi. Ikiwa imejiangusha, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena iache, kuna shoti. Na kama umeme umerudi sasa hivi, subiri: kifaa cha kulinda umeme huchelewesha kwa makusudi, na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, nayo hungoja kama dakika 3. Wanaobonyezabonyeza rimoti muda huo wanajichosha bure.

Kinachowaka bila kupooza kina visa zaidi. Hakikisha kwanza rimoti iko kwenye alama ya theluji, si ya feni. (Msicheke, nimeshaitwa kwa hilo.)

Halafu vichujio. Mama mmoja wa Mbezi alikuwa ameshajaziwa gesi mara mbili msimu mmoja. Nilipoinua kifuniko cha mbele na kuchomoa vichujio, vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi la kijivu. Nilikiinua kimoja dirishani, mwanga haukupita. Nyuma yake koili, yale mabomba ya kupoozea hewa, imevaa barafu.

"Barafu yote hiyo, baba, na chumba kinawaka moto?"

Ndiyo hivyo. Hewa isipopita, baridi haitoki kwenye koili, na unyevu wa Pwani unaganda palepale. Tulizima upoozaji, tukaacha feni peke yake mpaka barafu ikayeyuka. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Vichujio tulivisafisha kwa maji ya bomba, tukavikausha kivulini, vikarudi. Chumba kikapoa. Barafu ikirudi hata vichujio vikiwa safi, hapo ndipo uanze kushuku kuvuja.

Maji yakidondoka ukutani, mara nyingi mpira wa kutolea maji umezibwa na utelezi au wadudu.

Mashine ya nje isikilize ukiwa umesimama kando. Ikinguruma lakini feni haizunguki, kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme wa kuanzishia mota, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Usiifungue: kapasita hubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa. Unachoweza kufanya ni kuondoa khanga zilizoanikwa juu yake na kupunguza kizimba cha mbao kinachoibana. Nyumba za karibu na bahari, chumvi hula mapezi ya koili, na mjusi akijipenyeza kwenye bodi ya umeme huweza kuiunguza.

Ikibidi fundi aje, soma naye kibandiko cha mashine ya nje. Kimeandikwa aina ya gesi, R22, R410A au R32, na uzito wake. Hazichanganywi. R410A ina mgandamizo mkubwa kuliko R22, na R32 inaweza kushika moto. Aliyekuja na mtungi mmoja kwa viyoyozi vyote, mshukuru aende. Aje na mizani, na kabla ya kupima gesi apake povu la sabuni kwenye maungio. Mwombe akuonyeshe linapobubujika.