Ufadhili wa ufaulu: pesa ya chuo kwa mwanafunzi wa A, na jinsi ya kuipima

Ufadhili wa ufaulu ni pesa ambazo chuo humpa mwanafunzi kwa sababu ya alama zake, kipaji chake au uongozi aliouonyesha shuleni, bila kuuliza mzazi anapata kiasi gani. Ndugu yake ni ufadhili wa uhitaji, na huyo huanza kwa kuchungulia mfuko wa mzazi: mshahara, shamba, nyumba ya kupangisha, watoto wangapi bado wanasoma. Mtu akikuambia binti yake amepata skolashipu, kabla ya kupiga vigelegele muulize ni ipi kati ya hizo mbili. Majibu hayo mawili yana hesabu tofauti kabisa.

Hapa kwetu Kenya serikali imetenganisha nafasi na pesa. KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, hugawa nafasi kwa kuangalia gredi za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lakini tangu mfumo wa ufadhili wa 2023 uanze, mgao wa pesa (ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu ya familia) hufuata hali ya nyumbani. Kwa hiyo mtoto aliyepata A, mama akiwa mwalimu na baba mhasibu, wanaishi mtaa wa Lang'ata, Nairobi, anaweza kujikuta kwenye kundi ambalo familia inabeba mzigo mkubwa zaidi, sawasawa na mwenzake wa C+. A yake ilimpa kozi aliyoitaka. Karo haikupungua hata shilingi. Na akichagua chuo cha kibinafsi, ufadhili wa serikali hapati. Anabaki na ruhusa ya kuomba mkopo wa HELB tu. Familia za namna hii, ambazo si maskini wa kufadhiliwa wala si tajiri wa kulipa bila kuhema, ndizo zinazoangalia sana vyuo vya ng'ambo vinavyolipa kwa ajili ya alama.

Kwa nini chuo kitoe pesa kwa mtu asiyehitaji? Kwa sababu kinamtaka. Vyuo vingi vya kibinafsi vya Marekani hutangaza bei ambayo wanafunzi wengi hawailipi, kama mwenye kibanda soko la Gikomba anayekutajia elfu mbili akijua atakuachia kwa elfu moja mia mbili. Ufadhili wa ufaulu mara nyingi ni punguzo la bei lililovishwa joho. Chuo kinapata mwanafunzi anayeinua wastani wa alama na jina la chuo, na bado kinabaki na pesa atakazolipa mzazi. Silalamiki. Nasema tu barua hiyo isomwe kama ofa ya biashara, kwa utulivu, kabla haijawa tangazo kanisani.

Ukishaelewa hilo, jambo linalowashangaza wazazi wengi linajieleza lenyewe: vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe na maarufu vya Marekani, havitoi ufadhili wa ufaulu hata kidogo. Havina haja ya kumvutia mwanafunzi wa A, kwa kuwa waliopanga foleni mlangoni ni wa A watupu. Pesa zao zote hufuata uhitaji. Harvard, Yale na Princeton humdahili hata mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hujaza pengo lote ambalo familia haiwezi kulijaza, kwa hesabu ya chuo chenyewe. Kwa hiyo mtoto wa mama mboga wa Kawangware akiingia Harvard anaweza kulipa kidogo kuliko akienda chuo kisichojulikana kilichompa "tuzo ya rais wa chuo". Nafasi hizo ni finyu, hilo linajulikana. Lakini asiogope kuomba kwa sababu ya bei iliyoandikwa kwenye tovuti.

Upande wa pili kuna ufadhili wa ufaulu unaolipa karibu kila kitu kwa miaka minne: Morehead-Cain wa University of North Carolina kule Chapel Hill, Jefferson Scholars wa University of Virginia, na mingine michache. Huo hushindaniwa kwa insha na mahojiano, na wanaoupata kila mwaka ni wachache mno. Vyuo vingine vya umma, University of Alabama ukiwa mfano maarufu, vimezoea kuchapisha jedwali: ukiwa na wastani huu na alama hizi za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, unapata kiasi hiki. Mimi napenda jedwali kuliko ahadi. Linakuwezesha kujua unapoelekea kabla hujalipa ada ya maombi.

Sasa tuisome barua. Chukua mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza kinamwandikia kijana kwamba amepewa dola 30,000 kila mwaka kwa miaka minne. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mjomba anapiga hesabu kwa dola moja shilingi 130: "Kijana wetu amepata milioni kumi na tano na nusu!" Ni kweli, ni shilingi milioni 15.6. Chuo cha pili kimempa dola 14,000 tu kwa mwaka, na hakuna anayekitaja.

Lakini chuo cha kwanza, ukijumlisha karo, chumba, chakula, bima ya afya na vitabu, kinagharimu dola 60,000 kwa mwaka. Cha pili ni 26,000. Mwaka wa kwanza familia italipa 30,000 kule, na 12,000 huku. Na gharama hazikai mahali pamoja. Zikipanda kwa 4% kila mwaka huku ufadhili ukibaki palepale, kama ilivyo kawaida, deni la chuo cha kwanza linakuwa 32,400 mwaka wa pili, 34,896 wa tatu na karibu 37,492 wa nne. Jumla ni kama dola 134,800, yaani shilingi milioni 17.5. Mjomba alishangilia milioni 15.6, hakuna aliyemwonyesha hizo nyingine. Chuo cha pili kwa hesabu hiyohiyo kinadai kama dola 54,400, shilingi milioni saba hivi. Bado ni pesa nyingi, lakini familia yenye sacco na kiwanja cha kuuza inaweza kuzungumza.

Kipimo, basi, ni kile kinachobaki kulipwa kwa miaka yote minne. Ukubwa wa ufadhili wenyewe hauamui chochote.

Halafu kuna masharti, ambayo huwa ukurasa wa pili. La kwanza ni wastani wa alama: vyuo vingi hutaka GPA (ndio wastani wenyewe, kwa kawaida juu kabisa ni 4.0) isiyopungua 3.0, vingine hadi 3.5, ndipo pesa zije mwaka unaofuata. 3.5 inaonekana rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kupata B tangu darasa la nne. Lakini mwanafunzi wa uhandisi anayekutana na hesabu na fizikia za mwaka wa kwanza, katikati ya baridi ya Januari, mbali na nyumbani, ni mtu mwingine kabisa. Ukiwa na ofa mbili zinazokaribiana, chagua ile ya 3.0. Uliza pia akiteleza muhula mmoja anapewa nafasi ya kurekebisha au anakatwa papo hapo. Uliza kama akibadilisha kozi ufadhili unamfuata. Na uliza hesabu ni ya mihula minane tu au hadi amalize.

Sharti linaloumiza kimyakimya ni la pesa za nje. Kijana akipata msaada mwingine, wa benki ya hapa au wa kanisa, baadhi ya vyuo hupunguza ufadhili wao kwa kiasi hichohicho. Kilichoongezwa kwa mkono wa kulia kinachukuliwa kwa wa kushoto. Waandikie ofisi ya fedha ya chuo uulize waziwazi kabla ya kuanza kuchangisha.

Hata aliyepewa kila kitu ana la kuuliza. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, sehemu ya ufadhili inayolipia karo na vitabu vya lazima haitozwi. Inayolipia chumba na chakula hutozwa, na kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, chuo kwa kawaida hukata 14% mapema. Kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo itamsaidia kwa sabuni na simu, lakini haitajaza pengo la dola elfu kumi.

Pengo hili si jipya Nairobi. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka hapa kwenda Marekani kwa ndege iliyokodiwa, katika mpango wa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Vyuo vilikuwa vimewapa nafasi na ufadhili. Nauli haikuwemo. Ndiyo maana kina Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji walisimama kuchangisha kule, huku familia zikichanga nyumbani. Leo chuo hakitoi fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka kione ushahidi kwamba gharama za mwaka wa kwanza zimefunikwa, na bila I-20 hakuna mahojiano ya viza pale ubalozi wa Marekani, Gigiri. Mwaka wa pili, wa tatu na wa nne ni wenu kujipangia. Harambee hujaa mara ya kwanza. Ya tatu watu huanza kusafiri.

Vyuo vya kibinafsi vya hapa Nairobi navyo vina punguzo za aina hii kwa waliofanya vizuri KCSE, na maswali ni yaleyale: karo tu au na malazi, mwaka mmoja au yote, wastani gani wa kuubakisha. Faida yao ni kwamba unaweza kwenda ofisini na kumtazama machoni anayekujibu.

Jambo la mwisho ambalo wazazi wetu huona kama utovu wa adabu: ofa inaweza kujadiliwa. Chuo unachokipenda kikitoa kidogo kuliko kingine cha hadhi sawa, andika barua fupi ya heshima, ambatisha ofa ile nyingine, utaje kiasi kamili mnachopungukiwa, uombe waangalie upya. Wengine watakataa, na hawatakunyang'anya nafasi kwa kuuliza. Fanya hivyo mapema Aprili, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani hutaka jibu kufikia 1 Mei, na ofisi zao hujaa barua kama yako wiki ya mwisho.