Keki ya fondanti na hadithi ya friji

Hii sentensi ya wateja wangu wa keki nimeisikia mpaka nimechoka: "Nikifika tu nyumbani naiweka friji isije ikayeyuka." Jamani, hapana. Hapo ndo mnaiharibu!

Fondanti, lile vazi laini linalosukumwa na kufunika keki, karibu yote ni sukari, na sukari inavuta maji. Ikiwa ndani ya friji utaiona iko poa tu, shida inaanza ukiitoa, maana keki ya baridi ikikutana na hewa ya joto inatoa jasho kama chupa ya soda, na yale maji yanaanza kuyeyusha sukari pale juu. Inang'aa, inanata, rangi nyekundu inachuruzika kwenye nyeupe, na ua nililolikalia usiku mzima linalegea petali moja moja. Halafu mtu anakimbilia kitambaa anafuta. Usiguse! Washa feni, iache ikauke yenyewe, ukiigusa ikiwa mbichi vile alama ya kidole haitoki tena.

Kinachoamua mambo ya friji ni kilichoko ndani ya keki. Kama ni batakrimu ya siagi na sukari, au ganashi (chokoleti na krimu), iache kwenye boksi la karatasi, sehemu isiyo na joto wala jua, siku mbili inakaa vizuri. Krimu freshi au kastadi hizo lazima zikae baridi, ndo maana mteja namuuliza mapema anataka nini ndani, na mimi keki ya krimu freshi siivalishi fondanti kabisa. Ikibidi friji, funga boksi vizuri, na ukitoa usilifungue mpaka keki ipoteze baridi, jasho litabaki kwenye boksi.

Eti ikipasuka ni fondanti mbovu? Mara nyingi imekauka tu, umeiacha wazi au umemwaga kornflawa nyingi wakati wa kusukuma. Paka mafuta ya kupikia ya mgando kidogo mikononi, ikande mpaka ilainike, isukume milimita 3 au 4.

Maua nayo hayasimami kwa fondanti tupu. Weka unga wa CMC, ule wa kuifanya fondanti ikaze, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 za fondanti, ukande, uache ipumzike.

Na marzipani SIYO fondanti, ile ina lozi. Mwenye aleji ya karanga na lozi ukimchanganyia hapo umemweka hatarini, kwa hiyo uliza kabla hujakata kipande.