Gharama zisizo za moja kwa moja: fedha ya utafiti ambayo mtafiti haioni

"Dada, hizi elfu kumi na mbili zinakwenda kwa nani?"

Aliyeuliza ni mhadhiri kijana aliyekuja ofisini kwetu, ofisi ya miradi ya utafiti ya chuo huku Dar es Salaam, na bajeti yake ya kwanza mkononi. Alikuwa anaomba dola 200,000 kutoka Marekani. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari wa chini kabisa, ule ambao hakuuandika yeye. Nikamwambia, "Daktari, kaa kwanza," kwa sababu jibu lake halitoshi kupewa mtu akiwa amesimama mlangoni.

Mradi wowote wa utafiti una matumizi ya aina mbili. Yapo ambayo unaweza kuyanyooshea kidole ukasema haya ni ya mradi huu tu: mshahara wa msaidizi wa utafiti, vitendanishi vya maabara, mafuta ya gari la kwenda vijijini kuchukua sampuli, posho za wahojaji. Hizo ni gharama za moja kwa moja. Halafu yapo yanayolipwa kila mwezi bila kuwa na mradi mmoja unaoweza kusema ni yake: taa za korido, mlinzi wa geti, paa la jengo, mtandao, mhasibu anayeshika miradi mingi kwa pamoja, katibu wa kamati ya maadili anayefuatilia vibali visipitwe na muda. Hizo ndizo gharama zisizo za moja kwa moja. Ofisini tunaziita ovahedi.

Nilimpeleka kwenye friza. Lipo mwisho wa korido ya maabara, lile la nyuzi themanini chini ya sifuri, limejaa vichupa vya damu vilivyobandikwa namba. Nikamuuliza: umeme ukikatika Ijumaa saa tatu usiku, nani anajua? Kengele ya friza inalia, mlinzi anaisikia, anampigia fundi, fundi anakuja na kuwasha jenereta, na dizeli iliyomo ilinunuliwa na ofisi ya manunuzi wiki mbili kabla. Sampuli za miradi yote iliyomo humo zinapona usiku huo. Sasa chukua bajeti ya mradi wowote kati ya hiyo uisome mstari kwa mstari. Mlinzi hayumo. Fundi hayumo. Dizeli haimo. Wangekuwa hawapo kweli, Jumamosi asubuhi miaka kadhaa ya kazi ingekuwa maji.

Sasa ile asilimia, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea, hata waandishi wa habari. Ukisikia chuo fulani cha Marekani kina kiwango cha asilimia 60, haina maana kwamba katika kila dola 100 chuo kinachukua 60 na mtafiti anabaki na 40. Asilimia hiyo inahesabiwa juu ya gharama za moja kwa moja, kisha inaongezwa. Mtafiti akihitaji dola 100, mfadhili analipa 160, na sehemu ya chuo katika jumla hiyo ni asilimia 37.5.

Tena haihesabiwi juu ya kila kitu. Mashine kubwa, ujenzi, ada za wanafunzi na pango la majengo huondolewa kwanza. Fedha zinazopitishwa kwenda taasisi mshirika nazo huondolewa, isipokuwa kiasi cha mwanzo tu: zamani dola 25,000, na mwongozo wa serikali kuu ya Marekani uliorekebishwa mwaka 2024 ukapandisha hadi 50,000. Kinachobaki baada ya kuondoa hayo yote ndiyo msingi wa hesabu. Daktari wetu alikuwa na mashine ya dola 50,000 ndani ya zile 200,000. Msingi wake ulikuwa 150,000. Kiwango chake, kile cha taasisi zilizo nje ya Marekani, ni asilimia 8. Ndiyo 12,000 hiyo.

Chuo cha Marekani chenye kiwango cha asilimia 60 kingeongeza dola 90,000 juu ya mradi huohuo.

Kiwango hicho chuo hakijipangii. Kinakaa mezani na serikali, kinaleta hesabu za majengo, umeme, maktaba na utawala, wakaguzi wanazipitia, kisha wanakubaliana asilimia itakayotumika kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana viwango havilingani, na utafiti unaofanyika nje ya majengo ya chuo hupewa kiwango cha chini zaidi kwa sababu hautumii paa la chuo. Chuo kisichokuwa na makubaliano yoyote kinaruhusiwa kutumia kiwango cha kuanzia, ambacho mwaka 2024 kilitoka asilimia 10 kikawa 15.

Utaratibu huu una kovu lake, na ni haki kulitaja. Mwaka 1991 wakaguzi na Bunge la Marekani walikibana Chuo Kikuu cha Stanford baada ya kugundulika kwamba uchakavu wa boti ya kifahari ya chuo ulikuwa umeingizwa kwenye gharama hizi. Rais wa chuo, Donald Kennedy, alitangaza kujiuzulu mwaka huohuo. Stanford ilikuja kulipa dola milioni 1.2 mwaka 1994, na serikali ikasema haina madai ya ulaghai. Lakini imani ilikuwa imeshachubuka. Tangu 1991 sehemu ya utawala katika kiwango cha chuo imewekewa ukomo wa asilimia 26. Sehemu ya majengo na mitambo haina ukomo huo, kwa hiyo ukiona chuo kina asilimia 60 na kitu, jua kwamba kinachokipaisha kwa kawaida ni maabara.

Februari 7, 2025, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu iliyofuata zitalipa asilimia 15 tu kwa kila chuo, kwa ruzuku mpya na kwa zile zilizokwisha kutolewa. Zilieleza kuwa katika zaidi ya dola bilioni 35 zilizotolewa mwaka 2023, takribani bilioni 9 zilikuwa za gharama hizi. Majimbo 22 yalikwenda mahakamani, vyuo na hospitali vikafuata. Jaji Angel Kelley wa Boston akasimamisha agizo hilo, na Aprili akalizuia kabisa. Serikali ikakata rufaa. Hoja moja nzito ilikuwa kwamba tangu 2018 Bunge limeweka kwenye sheria ya bajeti kifungu kinachozuia NIH kubadili utaratibu wa viwango hivi.

Nilifuatilia mvutano ule kwa moyo mzito. Maprofesa wa Marekani walieleza, na walisema kweli, kwamba kwa asilimia 15 maabara zao zingefungwa. Sisi huku tuko kwenye 8. Taasisi iliyo nje ya Marekani kwa kawaida haijadiliani kiwango na NIH. Inapewa asilimia 8 ya msingi, na NIH imeeleza kwamba hiyo ni ya kusaidia gharama za kutimiza masharti yake. Hivyo ndivyo ilivyo kwa taasisi zilizopokea fedha hizo, iwe Makerere, iwe Chuo Kikuu cha Moi, iwe Taasisi ya Afya ya Ifakara. Ila friza la Dar es Salaam linakula umeme kama la Boston, na jenereta letu linawaka mara nyingi zaidi.

Pengo linalobaki linazibwa na mtu. Mara nyingi ni chuo chenyewe, maana yake ni ada za wanafunzi na ruzuku ya serikali. Wakati mwingine mtafiti anajaribu kuliziba kwa njia ya hatari: anaandika umeme wa maabara kama gharama ya moja kwa moja huku ovahedi ikilipwa vilevile. Kanuni hailiruhusu hilo. Gharama ya aina moja, katika mazingira yaleyale, ikiwekwa upande mmoja ibaki upande huo. Mkaguzi akikuta umeme huohuo umelipwa mara mbili, fedha inarudishwa, na chuo ndicho kinachorudisha hata kama mtafiti ameshahama.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Mei 2025, NIH ilipotangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya ambazo ndani yake chuo cha Marekani kinagawa fedha kwa taasisi ya nje, mpaka utaratibu mpya ukamilike. Katika utaratibu huo taasisi ya nje inapewa ruzuku yake yenyewe, iliyounganishwa na ile kuu. Zamani chuo mshirika cha Marekani kilikuwa kinatukagua kabla ya sisi kukaguliwa. Sasa mhasibu, afisa manunuzi na katibu wa maadili wa huku ndio wanaosimama mbele ya mfadhili, na wote watatu wanalipwa kutoka kwenye ule mstari wa chini.

Tuliporudi ofisini, daktari alifungua tena bajeti yake. Ukurasa wa tatu alikuwa ameweka dola 6,000 za umeme wa maabara na dizeli. Alizitazama kwa muda, akaniuliza kama inawezekana kununua mita ndogo ya kupima umeme wa friza lake peke yake, ili gharama hiyo iweze kuonyeshwa kuwa ni ya mradi wake tu. Nikamwambia inawezekana ikiwa friza litahifadhi sampuli zake tu, miradi mingine yote tutaitendea hivyohivyo, na mita itasomwa kila mwezi na kusainiwa. Akazikata zile 6,000 kwa mstari, akaandika pembeni kwa kalamu: mita, fundi, nani atasoma?